Canal du Midi: Kamba Ibaki Mkononi

Ndugu zangu, aliyezoea bahari akiuona mfereji huu wa kusini mwa Ufaransa atacheka. Maji yametulia, kina ni kama mita mbili tu kwa sehemu kubwa, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa. Anayekodi boti hahitaji hata leseni: kampuni humwelekeza kwa muda mfupi, kisha humpa kibali cha siku alizokodi. Basi wengi huondoka gatini wakiamini kazi imekwisha.

Boti haina breki. Ukitaka kusimama, tia rivasi mapema. Wala haigeuki kama gari: ukikata usukani kushoto, tezi, yaani nyuma ya boti, ndiyo inayofagia kwenda kulia, na ukiwa karibu na ukuta utaupigiza. Tena usukani hausikii mpaka rafadha, yaani panga la injini, isukume maji. Ukiweka gia huru, unaelea tu. Upepo ukikusukuma pembeni, ongeza nguvu ya injini kidogo, kwa muda mfupi, usukani ukiwa umekatwa tayari.

Lakini balaa hasa liko kwenye vile vyumba vya mawe vyenye malango mawili, vinavyopandisha na kushusha boti. Wafaransa huviita écluse. Leo nitaviita birika. Riquet, aliyepewa idhini ya kuujenga mfereji huu mwaka 1666, alijenga mengi kwa umbo la yai ili kuta zihimili msukumo wa udongo. Ukuta umebonyea na boti imenyooka, kwa hiyo inagusa kwa omo, yaani mbele, na kwa tezi. Dapra, yaani maboya ya kukinga ubavu, ukizitundika zote katikati, umejilinda pasipohitaji kinga.

Mkiwa mnapanda, mshusheni mtu mmoja nchi kavu kabla ya birika, maana ndani kuta zitawazidi kimo. Mrushieni kamba ya omo na ya tezi. Azizungushe kwenye nguzo, ncha zirudi botini. Vilango vya chini ya maji vikifunguliwa, maji huingia kwa kishindo na kuyumbisha omo. Mwenye kamba ya mbele ndiye mwenye kazi: avute kila inapolegea, asiiachie hata kidogo. Mtoto asipewe kamba hiyo.

Kushuka kunaonekana rahisi, na ndiko kunakozamisha boti. Kamba izunguke nguzo, ncha zote ziwe botini, muilegeze kadiri maji yanavyopungua. Msiifunge! Iliyofungwa itakaza, boti ining'inie upande mmoja, na hapo fundo halifunguki tena. Piga kelele mlinzi wa birika afunge vilango. Kisu cha kukatia kamba kiwe karibu na usukani. Hatari ya pili haionekani: chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe. Tezi ikikaa juu yake, itakwama huku omo ikizama. Sogeeni mbele, mbali na lango mliloingilia, bila kugonga lile lililo mbele yenu.

Walinzi hupumzika mchana, mara nyingi kuanzia saa sita na nusu hadi saba na nusu. Pale Fonserannes, katika mji wa Béziers, mabirika yamepangwa kama ngazi na boti hupita kwa zamu, wanaopanda saa zao na wanaoshuka saa zao. Ulizeni siku moja kabla.

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, angalieni oili na chujio la maji ya kupoza. Majani ya miti huliziba, na injini huchemka. Bomba la moshi likiacha kutema maji, zimeni mara moja.

Usiku msifunge kamba kwenye miti ya kandokando. Ni marufuku, na miti ile ambayo Wafaransa huiita platane inakufa kwa ugonjwa wa kuvu ulioonekana hapo mwaka 2006. Jeraha dogo kwenye gome ni mlango wa ugonjwa. Pigilieni vigingi viwili, vimeinama kuipa boti kisogo, na kila kimoja kifungwe kitambaa cheupe, kwa sababu njia ya baiskeli inapita hapohapo.