Kibati cha Shingoni

Ndugu zangu, wazee wangu, walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Naanzia kwenye hiki kibati. Kipokeeni, kipitisheni safu hadi safu, kila mtu akishike. Kilikuwa cha babu yangu. Tazameni tundu la juu lilivyolika upande mmoja: hapo ilipita kamba ya kukivalia shingoni. Wagikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na mbuzi mwenye kengele ana mwenyewe.

Ndani ilikunjwa karatasi, ndiyo kipande chenyewe, cheti ambacho serikali ya kikoloni hapa Kenya ilimlazimisha mtu kutembea nacho. Sheria ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kushika vilipokwisha. Ilimhusu mwanamume Mwafrika peke yake. Mzungu hapana, Mhindi hapana. Iliandikwa jina, kabila, alama za vidole, kisha waajiri: ameanza lini, analipwa nini, ameachiwa lini. Sasa nisikilizeni hapo pa "ameachiwa". Mwenye shamba asipotia saini, wewe bado ni wake. Umepigwa, umenyimwa posho, ukaamua kuondoka? Huandikwi kazi kwingine, na askari akikusimamisha njiani akafungua kibati, anasoma kwamba umetoroka. Hilo lilikuwa kosa la jinai! Mtu kaketi barazani kwake na kalamu yake, wewe huendi popote mpaka apende.

Najua yupo atakayesema, "Mzee, ni serikali gani isiyosajili watu wake?" Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka. Sijawahi kulalamikia kusajiliwa. Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa ili watu wa rangi zote waandikishwe, na walowezi wakaambiwa nao wachovye vidole kwenye wino. Wakaja juu: tunadhalilishwa, alama za vidole ni za wahalifu! Vidole vya babu vilikuwa vimechovywa zaidi ya miaka 20, na wao hawakuuona udhalilishaji huo. Na walisikilizwa. Wanaojua kusoma na kuandika wakaruhusiwa kutoa picha na saini. Waafrika walipopinga walijibiwa vipi? Harry Thuku, kiongozi aliyekipinga kipande, alikamatwa Machi 1922. Watu wakajaa nje ya kituo cha polisi papa hapa Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Wakamiminiwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi ya ardhi nayaacha, ya mishahara nayaacha. Hili siliachi.

Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande. Kijana wa Kinubi wa Kibera, mzao wa askari wa Sudan walioletwa na Waingereza, au Msomali wa Garissa akitimiza miaka 18, amepelekwa mbele ya wazee wampige msasa: babu yako alizaliwa wapi, leta karatasi zake. Mwenzake wa kabila lisilotiliwa shaka hakuulizwa hayo. Bila kitambulisho hakuna kura, hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Februari 2025 Rais akatia saini agizo la kuuondoa msasa huo. Nimelipokea kwa furaha, lakini mimi naangalia dirishani, kwa karani wa vitambulisho, kama analifuata. Ukisikia kijana yeyote bado anadaiwa karatasi za babu yake, niletee habari, twende naye.

Kibati kimefika wapi? Mpeni yule binti wa safu ya mwisho, bado hajakishika.