Nani Akusemee Mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi?

SALMA: Karibuni tena. Omar leo macho mekundu, na nimemkagua, si mirungi.

OMAR: Ni ami huyo. Yule wa vitambaa wa Biashara Street hapa Mombasa, ambaye kila nikimtaja humu hunipigia simu. Kontena lake lilikadiriwa thamani ya juu, ushuru ukapanda, akapinga, akakataliwa, sasa amefika Baraza la Rufaa za Kodi, lile la Kenya linalosikiliza anayebishana na mamlaka ya mapato. Juzi kesi ikatajwa kwa video. Simu tumeiegemeza kwenye jora la poplini, mbele yake ami, mwanawe anayemwekea hesabu, na wakala wake wa forodha kavaa tai shati limetoka nje. Mwenyekiti akauliza, nani anamwakilisha mrufani? Wote watatu: "Mimi!"

SALMA: Ya Rabi!

OMAR: Kwa pamoja, wallahi, kama waitikiaji wa kasida. Wakala akaulizwa leseni, akainua ile ya kutolea mizigo bandarini.

SALMA: Hiyo ni ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki. Wakala wa kodi, yule wa kumshughulikia mtu mambo yake ya kodi, anapewa yake chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Mbele ya baraza ami aweza kujisemea mwenyewe, au asimamiwe na wakili, au na huyo wakala wa kodi. Sasa yule kijana wa hesabu ana leseni gani?

OMAR: Ana Excel. Kesi imeahirishwa, tumeambiwa turudi na mtu mmoja anayeeleweka. Mimi naona ni mambo ya mshenga haya...

SALMA: Usianze na posa yako.

OMAR: Nakwambia! Nilimtuma mzee wa watu Kibokoni na neno moja tu, mahari. Wakamuuliza, na kabati? Akasema na kabati. Na friji? Na friji.

SALMA: Na mashine ya kufulia.

OMAR: Hiyo aliiongeza mwenyewe! Hawakuuliza! Aliona wameandaa biriani nzuri, akaona haya kula bure.

SALMA: Mimi nilikuwa upande wa pili, ndani na kina mama. Mama mkwe wako alitaka kukataa mashine, tukamfinya.

OMAR: Ni wewe?! Miaka yote hii nakaa nawe kwenye maikrofoni moja?

SALMA: Ungekuwa na wakili usingelipa friji. Ndiyo maana nasema ami amchukue wakili.

OMAR: Wakili hajui poplini na satini. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipa kodi, sivyo? Basi kesi ni ankara, risiti za benki, bili ya shehena. Anayezijua ni aliyezishika. Nitafutie wakala wa kodi aliyekaa na vitabu vya duka.

SALMA: Na akishindwa? Mahakama Kuu kesi haianzi upya. Ushahidi ulioachwa barazani ni vigumu kuutoa huko. Kamishna wa kodi naye hamleti mtu wa kubahatisha, analeta wanasheria wake. Wakili tangu siku ya kwanza.

OMAR: Wakili atasema vizuri kitu asichokijua.

SALMA: Wakala atajua kitu asichoweza kukitetea.

OMAR: Basi awachukue wote wawili.

SALMA: Alipe kwa kitu gani, kwa friji yako? Sikubali, Omar. Mtu wa duka hana pesa za wasemaji wawili.

OMAR: Nami sikubali. Gharama ya wakili peke yake inamlia faida ya kontena.

SALMA: Inamlia, lakini kontena lenyewe linabaki.

OMAR: Wewe sema tu, si ami yako.

SALMA: Fundi wa mitambo anatuonyesha vidole viwili, dakika mbili. Mimi nilikuwa nimeandika mambo matano hapa: barua ya kumteua msemaji, siku za kukata rufaa, ada...

OMAR: Soma moja.

SALMA: Barua iwe na sahihi ya...

OMAR: Kimebaki kimoja.

SALMA: Basi tena. Wiki ijayo tuna mgeni wa kodi ya nyumba za kupanga, tumeni maswali mapema, na tafadhali yasiwe ya mahari.

OMAR: Mashine ya kufulia mtaniambia nani alianza!

SALMA: Zima, fundi.