Sufuria ya Mama Mkwe

ZUWENA: Asalaam alaykum wasikilizaji. Leo Khamis kaja kanuna.

KHAMIS: Sikununa mie, aliyenuna yuko nyumbani. Tangu Jumamosi mke wangu hanisemeshi, na sababu hanambii. Tuyaache. Mada yetu leo ni pumbao kugeuka biashara. Nimeandika mambo matatu: vipimo, hesabu, na kusajili jina kule BPRA, wakala wa usajili wa biashara hapa Zanzibar. Dada Zuwena, u hali gani?

ZUWENA: Mzima, ila kwangu hakukaliki. Mnajua mie napika udi. Miaka yote napika wa kujifukiza mwenyewe, unaobaki nagawa. Wiki hii nikapata oda ya harusi, Fuoni, makopo 12. Sufuria yangu ndogo. Nikachukua ya mkwe.

KHAMIS: Ile ya biriani?

ZUWENA: Ile ile. Nikaisugua kwa majivu na ndimu, nikairudisha kimya kimya. Ijumaa mkwe kapika, wageni wametoka Makunduchi. Mzee mmoja katia tonge la kwanza, kanyamaza. La pili, kanyamaza. Halafu kauliza pole pole: "Kwani leo hapa kuna maiti?"

KHAMIS: (anacheka) Ya Rabi!

ZUWENA: Usicheke! Watu waliacha kula. Bibi mmoja keshaanza innalillahi.

KHAMIS: Ulitia nini humo hata majivu yashindwe?

ZUWENA: Sukari kilo moja na marashi ya mawaridi, moto mdogo, huku unakoroga. Ikianza kuvuta uzi kwenye mwiko, unaepua. Ukichelewa hapo imeungua, na kwenye chetezo itanuka kashata. Ndio unatia vipande vya udi ulivyoviroweka kwenye mafuta mazuri, na sandali. Miski mwisho kabisa, moto unaiua.

KHAMIS: Kumbe haukuiua. Ilijificha kwenye sufuria ikisubiri biriani. Na vipande hivyo ghali, maana mti wenyewe si wa kwetu, unatoka misitu ya Asia. Tena si kila mti una udi. Mpaka uumie, uingiwe na kuvu, ndio utoe utomvu wa kujikinga, na huo ndio unaonukia...

ZUWENA: Khamis ushafungua skuli.

KHAMIS: Basi tufanye hesabu. Kopo shilingi ngapi?

ZUWENA: Elfu 10. Makopo 12, laki na 20. Vitu nilinunua elfu 78.

KHAMIS: Umebakiwa na elfu 42.

ZUWENA: Mkwe kasema ile sufuria haipiki tena kwake. Nimemnunulia nyengine, elfu 35.

KHAMIS: Elfu saba! Usiku mbili umesimama jikoni, kwa elfu saba! Na chungu kile hakikutoka makopo 12 tu, nakujua.

ZUWENA: Kumi na nne. Mawili kachukua shangazi.

KHAMIS: Kalipa?

ZUWENA: Kaniombea dua.

KHAMIS: Dua haina chenji, dada.

ZUWENA: Shangazi huyo huyo ndiye aliyeniletea watu watatu.

KHAMIS: Na wote watatu wanataka bei ya shangazi! Sikiliza, hata yeye alipe, ukitaka umpunguzie. Na mkono wako uutie kwenye hesabu. Usiku mbili, andika, ziwe na bei.

ZUWENA: Hapo hatuelewani. Usiku huo ningekuwa nimekaa tu naangalia simu. Ule mkono ndio raha yangu. Siku nitakayoanza kuhesabu saa, nitaharakisha sukari.

KHAMIS: Na siku utakayoumwa, ukamuweka msichana akupikie, yeye utamlipa raha?

ZUWENA: Simuweki.

KHAMIS: Basi hiyo si biashara, ni sadaka yenye kopo.

ZUWENA: Na wewe ulihesabu mkono, yako wapi? Ulichonga mitumbwi midogo ya kuuzia watalii, ukaweka bei ya saa, ikakaa dirishani mpaka ikaliwa na mchwa.

KHAMIS: Mchwa hawahusiani na bei!

ZUWENA: Wao tu ndio waliomudu. (wanacheka)

KHAMIS: Mie sirudi nyuma. Mkono una bei.

ZUWENA: Nami sirudi. Shangazi halipi.

KHAMIS: Haya, vipimo. Jambo la kwanza kwenye karatasi yangu, kila chungu uandike gramu ngapi za...

ZUWENA: Adhana hiyo.

KHAMIS: Magharibi tayari? Hata moja sijalisoma! Wasikilizaji, la BPRA nalo...

ZUWENA: Wiki ijayo, inshallah. Mzee wa Makunduchi, kama unatusikia, utuwie radhi, hakufa mtu.

KHAMIS: Niulize tu kabla hatujazima. Ile sufuria iko wapi sasa? Mkwe kaitupa?

ZUWENA: Hataki hata kuiona uani. Nimeiweka kwenye buti la gari yako.

KHAMIS: Gari yangu? Lini?

ZUWENA: Jumamosi asubuhi, uliponipa lifti kwenda Darajani. Na kitambaa nilichochujia miski kimo humo humo.

KHAMIS: ...Jumamosi.

ZUWENA: Ehe. Mbona umekaa kimya?

KHAMIS: Dada Zuwena, simu yako ina salio? Mpigie mke wangu. Sasa hivi, kabla ya sala.