Meza yangu ya kwanza Birmingham: kabla hujanitumia mzigo, tazama hii kwanza

Haya, mambo zenu wapendwa! Wakubwa wote, shikamooni. Ngoja nisogeze kamera kidogo muione meza. Eeh, hapo sawa. Hivi ndivyo vilivyobaki, hereni na mapambo ya ushanga kutoka nyumbani, baada ya kuuza wikiendi, na leo nataka tuongee kwa sababu tangu niweke picha za meza hii mtandaoni, simu haipumui. "Dada, nikutumie mzigo uniuzie huko kwa pauni." Jamani nawapenda, ila kabla hujabeba boksi kwenda posta, kaa nikueleze.

Hapa Birmingham, Uingereza, kuna mtaa unaitwa Jewellery Quarter, mtaa wa masonara tangu enzi za mababu wa mababu zao. Humo kuna karakana ya zamani, chumba cha mbele wanakikodisha wikiendi. Duka la muda tu: kila mtu na meza yake, mnachangia kodi, Jumapili jioni mnafungasha. Ila kabla hujapewa meza wanataka cheti cha bima. Mteja akijikwaa hapo kwako akaumia, nani atalipa? Huna hiyo karatasi, hupangi hata pete moja.

Sasa kuuza kwenyewe. Kwetu Arusha mteja hajafika vizuri umeshamwita, umeshamvisha bangili, bei mtaelewana mbele kwa mbele. Huku ukimwita mtu, anapita ule upande wa pili. Anakuja kimya, anageuza lebo, anasoma bei, anarudisha kitu palepale, anakuchekea, "naangalia tu," huyo kaondoka. Asubuhi nzima nikaona nimesimama msibani. Kumbe watu wanasoma! Nikachukua kalamu nikaongeza kwenye lebo: ushanga wa kioo, umetungwa kwa mkono Arusha, ndoano ya sikioni ni ya titaniamu, haina nikeli. Hapo ndipo midomo ikafunguka.

Hiyo nikeli sikilizeni vizuri, maana ndiyo itakayowakwamisha wengi. Ni madini yanayochanganywa kwenye vyuma vya bei rahisi, na kuna watu ngozi zao haziivi nayo kabisa. Sikio linawasha, linavimba, linatoa maji. Sheria ya huku imeweka kikomo cha nikeli inayoweza kutoka kwenye hereni ikaingia mwilini, na risasi (ile metali, si ya bunduki) na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, nazo zina vikomo vyao. Kwa hiyo zile ndoano za kung'aa zinazouzwa kwa pakiti, ambazo hata muuzaji hajui zimetengenezwa na nini, siziweki mezani. Nitumie kazi ya ushanga tu. Ndoano nitafunga mwenyewe.

Fedha nayo, nasema ile ya bangili na pete, si hela, ina mambo yake. Kitu kikizidi gramu 7.78, huruhusiwi kukiuza kwa jina la fedha mpaka kipimwe na kugongwa muhuri. Dhahabu ni kuanzia pale inapozidi gramu 1 tu. Sheria ni ya 1973. Ofisi za kupima zipo 4: London, Sheffield, Edinburgh na hapahapa Birmingham. Na muhuri wa Birmingham, mnajua ni nini? Nanga! Mji uko katikati ya nchi, bahari wanaiona likizo, muhuri wao nanga. Basi, shangazi zangu wa Unguja, zile bangili nzito ni nzuri mno, lakini zikija zitapitia kwa wenye nanga kwanza, na wanatoza.

Halafu hereni hizi, sogea uone. Mfupa wa ng'ombe. Kuna mama wa makamo alizishika, mara akaziachia, macho yamemtoka: "Pembe ya ndovu?" Maana huku biashara ya pembe imebanwa karibu yote, sheria yake ilianza kazi 2022. Nikamwambia mama, njoo kwenye mwanga. Tazama hivi vitundu vidogo vidogo vyeusi, na hivi vijistari vifupi. Hiyo ni njia ya damu, huo ni mfupa. Pembe ukiikata ina mistari inayopishana, inatengeneza kona ndogo ndogo. Akavaa miwani, akageuza, akageuza tena. Akachukua jozi mbili. Na ninyi wa Pwani, vitu vya magamba ya ng'amba, yule kasa wa baharini, hata msinionyeshe picha. Hata kwetu ni kosa.

Bei. Hereni ndogo niliweka pauni 14, ni zaidi ya elfu arobaini ya nyumbani, najua mnaguna. Lakini toa kodi ya meza, bima, ndoano, kadi za kufungia, toa na muda wa mtungaji. Mtu aliyenishauri niuze 5 ili ziishe haraka anataka watu wadhani zimetoka kiwandani. Aliyeomba nipunguze alikuwa mmoja tu, kaka wa Kikenya: "Siz, fanya kumi basi, mimi ni wa nyumbani." Nilicheka hadi machozi. Nilimpunguzia, ndiyo. Nilikuwa nimemiss hayo maneno.

Na hili kubwa la shingoni mnaloliona hapa, lile la Kimasai la duara, halikuuzika. Kila mtu alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akapiga picha, akalivua. Lakini ndilo lililowavuta kutoka mlangoni, kwa hiyo litakuja kila mara. Bibi mmoja alilishika akaanza kusugua ushanga kwa kidole, taratibu. Akaniambia yeye ni Mcheki, mtu wa Jamhuri ya Cheki huko Ulaya, na ushanga wa namna hii unatengenezwa kwao. Ni kweli, ushanga mzuri tunaotumia unatoka kwao. Wenyewe unalingana, mstari haupindi. Tukabaki tunatazamana tu, kila mmoja anaona kitu cha kwao mkononi mwa mwenzake. Hakununua. Alinishika mkono.

Kwa hiyo nachotafuta ni hereni ndogo, nyepesi, rangi mbili au tatu, ushanga uliolingana. Mtungaji aliye tayari anitumie picha mbili: ya mbele, na ya nyuma kwenye mafundo ya uzi. Ya nyuma nitaangalia kwanza. Na uniandikie bei yako wewe, usiniulize "dada unanunuaje."