Nane na Kiambishi Chake

Walimu wenzangu na wanafunzi, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana hapa Dodoma bado yanabandikwa matangazo ya "wanahitajika vijana nane". Vijana wanane! Nane hupatana na jina.

Katika moja hadi kumi, zinazopatana ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Basi. Sita, saba na tisa zimetoka kwenye Kiarabu, nazo hazibebi kiambishi. Zilizisukuma pembeni tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki kwa maharusi tu, kwa zile siku saba za kukaa ndani. Nane haikusukumwa. Ni ya Kibantu, na wanaisimu wanaieleza kuwa ni nne iliyorudiwa, nne na nne. Sasa imekaa katikati ya saba na tisa, na mtoto anayekariri sita, saba, nane, tisa anadhani zote tabia yake ni moja. Kosa linaanzia hapo.

Yupo atakayeuliza: mbona kumi nayo ni ya Kibantu na haibadiliki? Kumi ni jina, lina wingi wake, makumi. Nane ni kivumishi.

Haya, semeni nami. Magunia manane ya alizeti. Madebe manane ya mtama. Mizabibu minane. Vikapu vinane vya zabibu. Wakulima wanane. Ekari nane, kilo nane, nyumba nane: hapa huoni kiambishi kwa sababu ngeli ya I-ZI haiongezi kitu kwenye namba hii. Mtego mkubwa uko kwa mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kuku, majina yao hayabadiliki katika wingi, kwa hiyo mtu anaandika "ng'ombe nane" kama alivyoandika "nyumba nane". Hapana! Chenye uhai, ukiacha mimea, kinafuata A-WA: ng'ombe wanane, mbuzi wanane, kuku wanane. Na namba ikiwa ndefu kiambishi hakipotei: wanafunzi arobaini na wanane, vitabu mia moja na vinane.

Mtaniambia lugha hukua, tuwaache watu waseme. Inakua, sikatai. Lakini huyo huyo anayesema "watu nane" hasemi "watu tano", anasema watano. Kanuni anayo kinywani, imemponyoka kwenye namba moja tu. Mwalimu makini anairekebisha kwa kipindi kimoja.

Kwenye mpangilio kiambishi hakiingii: mtu wa nane, kitabu cha nane. Na Nane Nane, sikukuu ya wakulima inayotupeleka Nzuguni, ni tarehe nane ya mwezi wa nane. Msiniletee hiyo kama ushahidi.

Muda unakwisha na saa sijaigusa. Upesi basi. Tiketi ya treni ikisema 14:00, toa 6: saa nane mchana. Ikisema 20:00, toa 6, zinabaki 14, toa tena 12: saa mbili usiku. Ikisema 02:00, jumlisha 6: saa nane usiku. Wanaoachwa stesheni ni wale wanaoona 08:00 wakaisoma saa nane. Hiyo ni saa mbili asubuhi. Ukifika saa nane mchana, treni imekutangulia kwa saa sita nzima.