Kibebe Hanaswi kwa Mabega

Mhadhara kwa vijana wanaojifunza kuvua kwa fimbo, Iringa

Kamwene! Walio nyuma sogeeni mbele, maana leo nimekuja na vitu vya kushika mkononi.

Samaki wa leo mnamjua: mistari myeusi ubavuni, meno kama ya mbwa. Hata wataalamu walimwita Hydrocynus, yaani mbwa wa maji. Kila mto una jina lake. Mimi nilimzoea kwa jina la Kigoma, kibebe, nalo nitalitumia. Yuko kwenye bwawa la Mtera. Yuko Kilombero, kwenye Mnyera na Ruhudji, mito inayoteremka kutoka huku kwetu milimani. Bonde la Rufiji lina hata aina yake nyingine, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1986 na kupewa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae. Hilo peke yake lingetosha mhadhara, lakini leo tunavua.

Nianze na kinywa. Chukua kibebe aliyekufa, nasisitiza, aliyekufa, umgonge taya kwa ukucha. Ni mfupa. Kambale ana nyama ya kushika ndoana, huyu hana. Ndoana inateleza juu ya mfupa, yeye anaibana kwa meno, mnavutana, nawe unashangilia. Halafu anaruka juu ya maji, anatikisa kichwa, anaachama, na ndoana inakurudia. Watu husema, "Ameniponyoka." Hakukuponyoka. Hukuwa umemnasa.

Haya nilifundishwa Mtera, asubuhi moja ya Novemba, mvua haijashika, joto la kuchemsha maji. Nilikuwa kijana wa kifua kipana, nina mshipi mpya mnene. Nikagongwa na vibebe saba. Saba waliruka, saba walikwenda zao. Mzee aliyekuwa akipiga kasia hakusema neno mpaka yule wa saba. Ndipo akanyoosha mkono akaomba ndoana. Akaiweka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, akaivuta taratibu. Ikateleza. Akafungua kitambaa chenye mafuta, akatoa tupa ndogo, ile ya kunolea msumeno, akaanza kunoa: upande huu, upande huu, kisha mgongoni, kila mara akielekea nchani. Hakuwa na haraka hata kidogo, na mimi nikiona samaki wanacheza mbele yetu! Akaijaribu tena juu ya ukucha. Safari hii ikanasa, ikakataa kusogea. Akanirudishia, akasema, "Mjukuu wangu, wewe unavua kwa mabega. Vua kwa ncha." Wa nane tulimpandisha mtumbwini. Na kabla sijatupa tena, mzee aliidai ndoana akainoa upya, kwa sababu imekwishagusa mfupa. Ikigusa jiwe, ananoa. Ikikwaruza kisiki, ananoa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, ndoana yangu imetoka dukani leo, haihitaji tupa. Nimeijibu hoja hiyo miaka yote na bado naisikia. Weka juu ya ukucha! Usibishane na mimi, bishana na ukucha wako. Mwingine ataniambia anatumia ndoana ya makucha matatu, lazima moja litapata. Nguvu ya mkono wako ni ileile. Ukiigawa kwa ncha tatu, kila moja inapata kidogo, na mfupa hautobolewi na kidogo. Tumia moja, iliyo imara. Na kile kimwiba cha nyuma ya ncha kipunguze kwa tupa. Ndoana itazama upesi, na ukitaka kumwachia samaki humchani kinywa.

Sasa mkono. Akigonga, usiinue fimbo! Fimbo ikipinda, nguvu yako inamezwa na ule mpindo, haifiki nchani. Ielekeze kwake, mshipi umenyooka, vuta mara mbili, tatu, kwa nguvu. Ndipo uinue. Akiruka, shusha fimbo ubavuni, mshipi usilegee hata kidogo.

Waya ni lazima, shibiri mbili zinatosha, kwa sababu mshipi wa nailoni anaukata kama mkasi. Mtu atasema waya unamtisha samaki. Huyu ni samaki ambaye watafiti wa Afrika Kusini waliandika mwaka 2014 kwamba anadaka mbayuwayu wakiwa hewani. Waya mwembamba haumtishi.

Chambo: samaki mdogo, au kijiko cha chuma kinachometameta. Ndoana iwe karibu na mkia wa chambo, kwani mara nyingi hukata mkia kwanza. Mwindeni mchana, maana anawinda kwa macho. Kumtoa ndoana ni kwa plaizi, vidole vikae mbali.

Muda unakwisha na nilitaka kuzungumzia kuachia samaki, basi nisemee hili tu. Kwa kibebe, jike ndiye mkubwa. Yule aliyevunja rekodi ya dunia ya aina ya kawaida, kilo 16.1, alivuliwa ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2001. Wa Mtera wako watakuwa wadogo kuliko huyo, lakini yule mkubwa kuliko wenzake jua ni mama mwenye mayai. Mpige picha, mshike majini uso ukielekea mkondo mpaka apige mkia mwenyewe. Na Ruaha Mkuu, mto unaoingia Mtera, ambao tangu mwaka 1993 unakatika maji kila kiangazi, jamani, tukutane siku nyingine kwa hilo, maana nikilianza hatutoki humu.

Nimeleta tupa kumi na mbili na bakuli la ndoana mpya. Kila mmoja achukue moja, aijaribu kwenye ukucha, anoe, aijaribu tena. Atakayeona inateleza asione haya, aniite. Nitapita meza hadi meza.