Maji ya Isimila, Kichwa cha Kalenga
Mhadhara kwa walimu wa historia wanaojiandaa kupeleka wanafunzi Iringa

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za asubuhi. Karibuni, wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nimeombwa niseme juu ya ziara za wanafunzi Iringa. Nilianza kuwapeleka watoto kule nikiwa mwalimu kijana, na hata baada ya kustaafu bado shule huniita niongozane nao. Nina ombi moja kwenu, nalo ni hili: punguzeni vituo.

Ratiba nyingi ninazoletewa nizipitie zina vituo saba kwa siku mbili. Mikumi, Kitonga, Isimila, Kalenga, jiwe la Gangilonga, makumbusho ya mjini, kisha soko. Basi linasimama, watoto wanashuka, wanapigwa picha ya pamoja, wanahesabiwa, wanapanda. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Safari yangu ya kwanza Isimila tulikaa dakika arobaini, dereva anapiga honi. Miaka mingi baadaye nilikutana na mmoja wa wanafunzi wale, sasa ni baba mwenye watoto, nikamuuliza anakumbuka nini. Akanitajia soda aliyokunywa Ilula. Alisema kwa furaha kabisa. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, maana kosa halikuwa lake.

Njiani msiwaache walale. Mkitoka Morogoro, barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Baadaye mnaingia bonde la Ruaha Mkuu, joto linapanda, mibuyu imejaa kwenye vilima kila upande, na pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Halafu Kitonga: basi linapanda taratibu, ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Mtoto aliyeomba dirisha lifunguliwe Mbuyuni ataomba lifungwe Ilula. Hapo mnaweza kuwaambia kwamba wamepanda, na mji wanaouendea uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Watalishika hilo kwa ngozi yao kabla ya kulishika kwa daftari. Kwa wanaokwenda Juni au Julai, sweta ni lazima, tena andikeni kwenye barua ya wazazi. Wakati wa mvua kubwa msiende, korongo la Isimila linakuwa tope na maji yanapita.

Sasa Isimila yenyewe. Iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Watu wengi wanaijua kwa nguzo zake, zile za mchanga ulioshikamana, rangi ya kahawia na wekundu, zimesimama ndani ya korongo kama watu waliokuja kwenye kikao. Watoto wakiziona wanakimbia moja kwa moja kuzifuata, na simu za walimu zinatangulia. Kwenye kibanda cha zana za mawe wanapita mbio. Mimi nawaomba mfanye kinyume, na sababu yake ni nzuri mno kuikosa.

Zamani sana pale palikuwa na bwawa la kina kifupi. Watu wa zama za mawe za kale walifika ukingoni mwake, wakachonga zana zao, wakaziacha. Maji yalileta mchanga na matope, tabaka juu ya tabaka, yakazifunika. Kipimo kimoja cha wanasayansi kinakadiria umri wa zana hizo kuwa takriban miaka 260,000. Bwawa likakauka. Baadaye sana maji ya mvua yakaanza kukata korongo kupitia tabaka zilezile: palipokuwa laini pakachukuliwa, palipokuwa pagumu pakabaki pamesimama. Mnaona? Maji yaliyochonga nguzo ndiyo yaliyoyafukua mashoka ya mawe. Bila mmomonyoko ule kusingekuwa na mandhari ya kupiga picha, wala kusingekuwa na habari ya mtu wa kale. Mtoto akilielewa hili amepata jiografia na historia kwa pigo moja. Hawezi kulielewa kwa dakika arobaini.

Mwongozaji akiruhusu, nina desturi moja. Kila mtoto anashika shoka la jiwe akiwa amefumba macho. Mashoka yale yana umbo kama jani: ncha mbele, kitako cha mviringo nyuma, pande mbili zimechongwa kwa kubanduliwa vipande vidogovidogo. Mengi ni ya itale au mawe mengine magumu. Binti mmoja wa kidato cha pili alilipokea, akaligeuza mara mbili, mara tatu, dole gumba likitafuta mahali pa kukaa, mpaka likatulia. Akanyamaza. Wenzake walikuwa wanamsukuma atoe nafasi, naye hakusogea. Alipofumbua macho akauliza, "Mwalimu, aliyelitengeneza alikuwa na mkono kama wangu?"

Nimesoma vitabu vingi, swali hilo sikuwa nimewahi kujiuliza. Lilimjia kwa sababu alipewa muda wa kuligeuza jiwe mara tatu. Kisha wakaja wengine na swali la pili, maana pale kuna mashoka makubwa mno, mazito, ambayo mtu hawezi kuyatumia kwa mkono mmoja. Ya kazi gani? Hilo hata wataalamu wanabishana, na ni vizuri watoto wakajua kwamba wakubwa nao wanabishana.

Niwasimulie na la upande wa pili. Siku hiyohiyo jioni, tukiwa tumefikia bweni la shule moja mjini, mwanafunzi mmoja wa kiume alikutwa na jiwe mfukoni. Kipande chembamba, kimebanduliwa na mkono wa mtu, ukingo wake bado mkali. Alikiokota chini kwenye korongo. Nilimkalisha, nikamweleza kuwa kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwamba alichofanya ni kosa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Lakini mwalimu, wewe mwenyewe umetuambia mahali hapa palijulikana kwa mtu kuokota mawe."

Alikuwa sahihi. Mchana nilikuwa nimewaeleza kwamba mwaka 1951 msafiri kutoka Afrika Kusini alipita pale, mmomonyoko umefukua zana, akaziokota, na ndivyo habari zilivyoenea. Uchimbaji wa kitaalamu ukafuata mwaka 1957 na 1958, ukiongozwa na Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walikuta zana kwa wingi, na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo.

Nilikaa na swali la yule kijana usiku ule. Asubuhi nikamjibu hivi: yule wa 1951 alijulikana alikookota, ndiyo maana wengine waliweza kurudi palepale na kuchimba. Jiwe lililo mahali pake lina majirani, lina tabaka lake, lina kina chake. Likiwa mfukoni mwako ni jiwe. Kisha nikampa karatasi na penseli, nikamwambia achore alipoliokota. Alichora kwa muda mrefu. Nguzo mbili, kichaka cha miiba, na alama ya mahali mguu wake ulipoteleza.

Siku hiyo tulikuwa na kituo kimoja tu, Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Hapo ndipo Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, alipojenga ngome yake. Waambieni watoto kuwa jina la Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, yule aliyepewa jina la Nyundo, naye mwenyewe akauawa. Wanafunzi wa Dar es Salaam wanaijua Lugalo kama kambi ya jeshi na hospitali. Wakifika njia ya kati ya Ilula na Iringa ndipo wanajua jina lilikotoka. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani waliipiga Kalenga kwa mizinga, wakaiteka. Mlima unaouona kutoka pale unaitwa Tosamaganga, na wenyeji husimulia kuwa maana yake ni kurusha mawe, kwa ajili ya mizinga ile. Muwasimamishe watoto waelekee mlima ule mnapolisema hilo.

Mkwawa aliendelea kupigana msituni miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa karibu kukamatwa, alijiua kwa risasi. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ikirudishe kichwa hicho ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka. Kilirudi tarehe 19 Juni 1954, kikakabidhiwa na Twining, Gavana Mwingereza wa Tanganyika, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Kimo ndani ya makumbusho ya Kalenga, nyuma ya kioo.

Pale msiseme kitu. Chumba ni kidogo, ingizeni watoto wachache wachache, muwaache wasimame. Safari ile ukimya ulivunjwa na kijana wangu wa jiwe. Aliuliza, "Walijuaje kuwa ndicho chenyewe?"

Nikamweleza nijuavyo. Kule Bremen, Ujerumani, Twining alikuta vichwa vingi vimehifadhiwa. Vya kutoka huku kwetu vikatengwa, vikapimwa, vipimo vikalinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kimoja kilikuwa na tundu la risasi. Nikamwambia pia kwamba wapo wasomi wanaotilia shaka, na kwamba Wahehe walikipokea kwa heshima yote ya mtu wao. Alinisikiliza, akatazama kioo tena, mkono uko kwenye mfuko uliokuwa na jiwe jana. Sikuongeza neno.

Vituo viwili, siku mbili. Walimu wenzangu waliofuatana nami walilalamika kuwa hatukufika Gangilonga, na kweli ni pazuri, jua likizama unaona mji wote chini. Wataenda wakiwa wakubwa, kwa nauli zao.

Likizo ya Septemba nilirudi Isimila peke yangu, jiwe nimelifunga kwenye leso na ramani ya yule kijana mfukoni. Mwongozaji aliitazama ramani, akacheka kwa upole, akanishika mkono tukateremka korongoni. Nguzo moja aliichora kulia na iko kushoto, lakini kichaka cha miiba tulikikuta, na chini yake udongo ulioteleza. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa bado na vumbi jekundu. Tukalilaza upande huo chini.